Punda Mwenye Sikio Jeupe

Mwanangu Severini,

Mjomba wako akikupa karatasi hizi utashangaa. Utasema, bahasha hii si nimeibeba mwenyewe kutoka Newala, imeandikwa jina la mjomba, sasa barua yangu imeingiaje humo? Nimeiweka mimi. Ndani mlikuwa na mbili, yake na yako, na nimemwomba asome yake kwanza. Kama umemwona amekunja karatasi na kuingia ndani, ndiyo sababu. Keti hapo hapo barazani kwake usome, wala usinikasirikie kwa hili la bahasha. Utapata la kunikasirikia huko mbele.

Ninapoandika ni jioni, jua bado lipo, nawe uko uani unashona mkanda wa begi lako na kupiga mluzi. Kesho asubuhi unakwenda Tandahimba kumuaga mjomba, kama inavyotakiwa, halafu ugeuze na basi la mchana, lipite hapa Newala, likufikishe Masasi, na kesho kutwa udandie lori la Tunduru. Unakwenda machimboni kumrudisha kaka yako Klemensi nyumbani. Umeshamwambia kila mtu. Mama Zuhura jirani amekupa pakiti ya korosho za kukaanga umpelekee, na umeifunga vizuri ndani ya shati lako jeupe, nimeiona.

Mambo ya sabuni na chandarua na maji ya kuchemsha sitayaandika. Una miaka kumi na minane. Kama hujui kufua kaptula yako, mimi nilishindwa zamani na karatasi haitaweza. Nina neno moja tu, zito, linamhusu kaka yako, na kila nikilifikisha mdomoni linarudi. Juzi nililianza mara mbili. Mara ya kwanza ukaniuliza chumvi iko wapi. Mara ya pili hukuniuliza kitu, niliogopa tu. Basi naanzia mbali. Naanzia kwa punda.

Unamjua punda wangu, maana nimekulisha habari zake pamoja na uji. Lakini sikuwahi kukueleza nilivyomwona. Nilikuwa na miaka saba, kwetu Lukuledi. Padri alikuwa na mashine ya sinema na sinema moja tu ya watoto, zile picha za kuchorwa zinazotembea, ambazo ninyi mnaziita katuni. Kila mwaka baada ya mavuno tulijazwa kwenye ukumbi wa shule, madirisha yakazibwa kwa magunia mchana kweupe, shuka likatundikwa ukutani, na sisi tukaketi sakafuni tukikanyagana. Sinema ile ile moja kila mwaka, na kila mwaka tulipigania kukaa mbele.

Ilikuwa inasema lugha ya Padri, hakuna aliyeielewa. Kwa hiyo mjomba wangu Anselmu, aliyekuwa katekista, alisimama kando ya shuka na fimbo yake akatueleza. Alianza kwa Kiswahili, kisha Kimakua kwa wadogo, haraka haraka kabla picha haijapita. Hicho kilikuwa kipawa chake. Mama punda anavuta gari la chumvi, kengele shingoni. Mwanawe ni wa kijivu, sikio moja jeupe. Siku moja mto unafurika unavunja daraja, mama yuko ng'ambo, na mtoto anaanza kufuata mto kumtafuta. Anakutana na chura mwenye miwani. Anakutana na bibi anayeuza vifungo, anayempa kimoja. Anavuka mlima wote mweupe. Mjomba mwenyewe hakukijua kile kitu cheupe, akatuambia ni unga umemwagika, na tuliwaonea wivu sana watu wa nchi ile. Loo, mlima mzima wa unga na hakuna anayeuzoa!

Kisha kuna mahali mtoto anaikuta kengele kwenye matete, kando ya mto, anasimama nayo muda mrefu na muziki unalia peke yake. Mjomba akasema, "Mama yake ameivua isimlemee, ameiacha iwe alama ya njia." Tukaitikia wote, ahaa. Na mwisho mvua inakatika, mlango wa zizi unafunguka, na uani amesimama punda mkubwa, kengele shingoni. Hapo Mjomba Anselmu alikuwa akigonga fimbo chini na kupiga kelele: "Mama yake huyo! Amerudi! Mtoto yumo ndani, amelala!" Ukumbi ulitikisika. Mimi nililia kila mwaka kwa furaha, miaka sita, na wenzangu wakanicheka kila mwaka.

Hicho ndicho nilichowarithisha wewe na kaka yako. Baba yenu alipofariki na ukawa unamwulizia kila jioni, nilikupa punda. Klemensi alipopelekwa hospitali Ndanda na mimi nikabaki naye huko mwezi mzima, niliporudi kitu cha kwanza nilikwambia, "Si unaona? Punda amerudi." Mlikuwa mnacheka. Nilidhani nawapa kitu cha kushika.

Sasa kumbuka kile kibanda cha video karibu na stendi. Ilikuwa ile miaka serikali ilipoachia kila mtu auze anachotaka. Tulikuwa tumezoea foleni ya sabuni, mara Newala ikajaa mitumba na betri na dawa za meno za rangi, na kijana mmoja akaja na televisheni na deki na jenereta akajenga banda la mabati. Wakubwa waliangalia watu wa karate. Mchana aliwawekea watoto katuni. Siku hiyo natoka sokoni nikakuta ameandika ubaoni kwa chaki: PUNDA. Niliacha kapu kwa Mama Zuhura, nikakuvuta mkono, mwanamke mzima nikaingia kwenye benchi la watoto. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yako alikataa kuja, alishaanza kuona haya kutembea na mama.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Chura, bibi wa vifungo, mlima. Televisheni ilikuwa ndogo na rangi zimechakaa, lakini nilikuwa nasema maneno ya mjomba kabla picha haijafika, ukaniambia mama punguza sauti. Ikafika mwisho. Mlango ukafunguka, punda mkubwa akasimama, nikakushika bega nikasema, "Mama yake huyo! Amerudi!"

Ukasema, "Mama, huyo si mama yake. Tazama sikio."

Nikakwambia nyamaza.

"Ni jeupe, mama. Ni yule mtoto, amekua. Kengele ni ya mama yake, si aliiokota?"

Nikakufinya paja. Nilikufinya kwa nguvu, Severini, mpaka ukatoa machozi, nikasema, "Nimesema nyamaza!" na watoto wote wakageuka. Hukumtaja tena punda tangu siku ile, na mimi nilijidai sikuona kwamba hukumtaja.

Kesho yake niliacha palizi nikarudi pale kibandani peke yangu. Nilitazama sikio. Jeupe pe! Nilitazama matete na ile kengele, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mtoto wa miaka kumi na mmoja alikiona mara moja: mama yake amekufa maji. Amekufa katikati ya sinema. Mtoto anaijua habari hiyo pale penye matete, na safari iliyobaki yote anarudi tu nyumbani, peke yake, anakua njiani. Hakuna anayemngoja. Anajifungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa nimetazama miaka sita na sikuona, kwa sababu nilitazama kwa masikio.

Wiki ile ile nilikwenda Lukuledi. Mjomba Anselmu alikuwa hai bado, macho yamekwisha, anaota jua nje.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Agata. Sauti yako ina ugomvi."

"Yule punda wa mwisho si mama. Ulijua?"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akasema, "Nilijua. Padri alinionyesha peke yangu siku moja kabla, ili niweze kueleza. Nilijiandaa niseme kweli. Nikafika pale, nikakuona umekaa mbele kabisa, kichwa kimenyolewa. Mama yako alikuwa na wiki tatu tu kaburini. Ningesema nini?"

"Na mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata mlikuwa mmeshaijua kwa moyo. Ningebadilisha, mngeniona mimi ndiye mwongo."

Nilimpigia magoti nikamshukuru. Nililia sana siku ile, nikasema hakuna mtu aliyewahi kunipenda hivyo. Nikarudi Newala nimejifunza kwamba mtu akikupenda anaweza kukubadilishia mwisho, na ni wema. Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu. Nilisahau kilichofuata kwangu baada ya sinema. Nilisahau kwamba niliweka kipande cha muhogo chini ya sahani kila siku, cha mama akirudi. Nilimngoja mpaka nikavunja ungo. Na siku nilipoelewa kwamba haji, nilielewa peke yangu kisimani, hakuna wa kunishika, maana wenzangu wote walishalia wakamaliza miaka mingi nyuma. Nilichelewa msiba wa mama yangu mwenyewe. Hilo halikunijia nilipokuwa nimepiga magoti pale.

Sasa Klemensi. Unajua alivyoondoka, lakini hujui yote. Ulikuwa shuleni. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, wanunuzi wapya walikuja wanavyotaka na kuondoka wanavyotaka, salfa ya kupulizia mikorosho hatukuwa nayo, na maua yakakauka meupe mtini. Yeye akakaa kutwa na vijana wenzake stendi. Nilichoka. Mimi nina mdomo, unanijua. Aliposema anakwenda Tunduru kuchimba mawe ya vito, badala ya kumwambia nakuogopea, nilimwambia, "Nenda! Na usirudi hapa mikono mitupu." Nilisema hivyo nikiwa napepeta mchele, hata sikumtazama. Alichukua begi akasema, "Haya, mama." Nilifikiri akifika Masasi hasira zangu zitakuwa zimepoa na atazijua zimepoa. Atazijuaje?

Miezi minane iliyopita, mikorosho ilipokuwa inatoa maua, alikuja kijana mmoja wa Chidya. Wewe ulikuwa umeteremka bondeni kuchota maji, maana bomba lilikuwa limekufa tena. Nilimpa uji akaushika tu. Alikuwa anachimba na kaka yako. Alisema udongo ulishuka. Walikuwa watatu chini, Klemensi mmoja wao. Wenzao walifukua siku mbili, kisha wenye shimo wakasema basi, wakafukia palipobaki wakahamia pengine. Alikuwa amebeba lile shati la mistari nililomchagulia Klemensi mimi mwenyewe kwenye mitumba. Lilikuwa limeanikwa juu, hakuingia nalo.

Kaka yako amekufa, Severini. Nimeliandika. Amekufa na yuko chini ya ardhi ya Tunduru mahali ambapo hata huyo kijana alisema hawezi tena kupaonyesha.

Nilimwuliza, "Kwa nini hakurudi na wenzake mvua zilipoanza? Wengi walirudi." Yule kijana akatazama kikombe. Akasema, "Alisema hawezi kurudi hivi hivi, mama. Alisema wewe unajua." Nilimwapisha asimwambie mtu, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikalifukia shati ndani ya gunia la mpunga.

Ulirudi na ndoo, ukaona kikombe, ukauliza nani alikuja. Ningeweza kusema. Ulikuwa umechoka, shingo imelowa maji, unacheka kitu ulichokiona njiani. Nikakuona umekaa mbele kabisa. Nikasema, "Kijana kaleta salamu za kaka yako. Hajambo."

Hapo ningeacha, labda. Lakini ulirukaruka, ukauliza amepata mawe? Nikasema amepata kidogo. Wee, uwongo una utamu wake kwa mama aliyefiwa! Kila mwezi nikakuletea salamu za abiria ambao hawakuwepo. Nikampangishia chumba. Nikampa redio. Nikamwotesha na masharubu, tukacheka wote wawili, mimi nikienda kumalizia kicheko jikoni kwa kilio. Kwangu alikuwa anaishi. Mwezi uliopita nikazidisha, nikasema anasema ni mpweke, anakukumbuka. Nilitaka tu ujue kwamba anakupenda. Ukala, ukanawa mikono, ukasema, "Basi nitakwenda kumchukua."

Kwa hiyo unaona ni nani aliyekufungia begi. Klemensi nilimsukuma kwa hasira na wewe ninakusukuma kwa mapenzi, na mnakwenda pale pale.

Jambo moja linanisumbua tangu juzi. Wewe ndiye uliyeliona sikio. Uliliona mara moja, ukiwa mtoto, kwenye televisheni mbovu. Huyu kaka mwenye redio na masharubu, asiyeandika hata mstari mmoja na wakati anajua kuandika, hukumwona ni wa uongo? Au ulimwona, ukakumbuka vidole vyangu kwenye paja, ukaamua kunyamaza? Kama ni hivyo, nisamehe. Nilikufundisha mwenyewe kwamba mwenye kuona afinywe. Yote niliyokufundisha unaweza kuyafuta usiyafuate, ila hili lichukue: siku nyingine ukiliona sikio, sema, hata kama anayekufinya ni mama yako.

Sina tumaini la kukupa, na sitalitunga tena. Sitasema hapa Newala kuna maisha yanakungoja. Mikorosho unaiona. Kazi hakuna, shule imekwisha, na vijana wa rika lako wanaondoka kila lori linapopita. Ukiniuliza ubaki ufanye nini, sijui. Nimekaa na kalamu hii nikitafuta jibu toka saa tisa, na sijui. Inawezekana ukisoma haya utasema, kama ni hivyo nakwenda kwa ajili yangu, au nakwenda kuutafuta mfupa wake. Nakujua, una kichwa changu. Siwezi kukuzuia. Ila usiende kumtafuta mtu aliye hai, kwa sababu hayupo.

Mjomba wako sasa hivi ameshasoma yake. Kwetu mtoto wa dada akifa, mjomba ndiye anayesimama na kusema fulani hayupo, na mpaka aseme hakuna kilio. Ndiyo maana niliweza kulificha. Sikumwambia, naye hakusema, na mtaa mzima ukaendelea kuniuliza Klemensi hajambo, nikaitikia hajambo. Huo ndio ubaya nilioufanya kupita wote. Uwongo wangu wewe unaweza kunisamehe, wewe upo. Lakini yeye ana miezi minane hajaliliwa na mtu ila mimi, tena jikoni, tena kwa kujificha nikisingizia moshi. Mtu hakukosea chochote ila kumwamini mama yake alipofoka.

Kesho adhuhuri nitalitoa shati kwenye mpunga. Mama Zuhura atanyoa nywele zangu, nitamwambia asubuhi ukishaondoka, na najua atapiga yowe kwa sababu ya zile korosho zake. Nitatandika mkeka uani niketi. Mjomba atapanda basi pamoja nawe, atashuka hapa, na akishaingia uani atasema anachopaswa kusema. Hatuna mwili wa kuzika. Tuna shati na sisi wenyewe, na sisi ni wachache.

Basi hilo hilo, akishashuka mjomba, linaendelea Masasi. Begi lako litakuwa miguuni pako na nauli umeshalipa. Sitamwambia mjomba akushike mkono, na sitakuja stendi kukungoja, maana kungoja ndiko kulikoniharibu tangu nina miaka saba. Nitakuwa nimekaa chini. Nitalisikia likisimama, na nitalisikia likiondoka. Mjomba akiingia peke yake sitamwuliza uko wapi. Nitawalilia wote wawili siku hiyo hiyo.

Mama yenu,
Agata